Posho moja ndani ya kaye zetu

Maneno ya kamati ya jikoni, yaliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa chama, Baraka



Prezida ametupa dakika 20 na ametuonya tusizipitishe. Kwa hiyo tunaanza na lile neno ambalo kila mtu ameshalisikia kwenye kartie. Inasemwa kwamba wamama wa kamati ya jikoni wamekula makuta ya chama. Ni kweli, tumeyala. Tuliyapika kwanza, tena tulipika posho nzima, na wengi mliokaa hapa mlikuja na sahani zenu. Leo tumekuja kueleza kwa nini tulifanya vile, nini kilitoka ndani ya sufuria, na lile deni tunalilipa namna gani.

Kwa wageni wasiojua: hapa kwetu posho ni wiki. Wazee wanasema neno limetoka kwenye kazi za wakati wa Wabelgiji, ambapo mfanyakazi alipewa chakula chake mara moja kwa juma, basi zile siku kutoka chakula hadi chakula zikachukua jina la chakula. Tulipovuka kwenda Tanzania tukakuta kule posho ni chakula au pesa ya safari, na wiki inaitwa wiki. Watoto waliozaliwa ng'ambo wanacheka wakisikia bibi anasema "posho inayokuja." Lakini kambini na sisi tuliishi vilevile. Tulihesabu siku toka mgao mpaka mgao.

Sasa tuseme kile kilichotuingiza jikoni. Kuna mama mmoja kijana kati yetu. Ametukubalia tuseme habari yake, na yuko hapa ndani, lakini msigeuze shingo kumtafuta. Huyu alizaliwa Nyarugusu. Alirudi na bwana yake katika nchi ambayo hakuwa ameiona hata siku moja. Sisi tunasema "amerudi," naye anatuuliza kila mara, mtu anarudije pahali hajatoka? Bwana alikuwa ziwani kwa uvuvi, makuta yamekwisha, na jirani akamuuzia mihogo ya shamba kwa bei ndogo. Ilikuwa mihogo michungu. Akaimenya, akailoweka usiku mmoja, akaianika nusu ya siku, akaisaga, akasonga bugali. Watoto watatu walitapika, wakashikwa na kizunguzungu, na mdogo akalegea kabisa. Walikimbizwa kituo cha afya, na tunamshukuru Mungu wote watatu wanacheza leo. Mama alipoulizwa alijibu hivi: "Mimi nilikomea kwenye bunga ya mahindi ya mgao. Hakuna mtu alinionyesha."

Hilo neno lilituumiza. Chama hiki kinachangia jeneza, kinachangia hospitali, kinachangia harusi. Jirani zake wanne ni wanachama. Kila mmoja wetu aliona ile mihogo inaanikwa, na kila mmoja alifikiri huyu mama anajua.

Kwenye kikao cha Jumamosi mmoja wetu akasema: si tuko na kaye? Wengi tulirudi na kaye za jikoni. Mtu aliacha godoro Kigoma, aliacha mlango na mabati, lakini kaye ilikuwa nyepesi, iliingia ndani ya mkoba. Basi tukasema kila mwenye kaye ailete, na kila siku ya posho tutapika kutoka kaye moja, tufuate vile imeandikwa, wale vijana washike mwiko na wabibi wakae kwenye kiti waangalie. Tuliweka sheria moja tu. Kama kitu kilichoandikwa hakipatikani Baraka, unaruhusiwa kuweka kingine pahali pake, lakini kwanza useme mbele ya wote kile cha kwanza kilikuwa na kazi gani ndani ya chungu.

Zikaja kaye tano. Mama kijana hakuwa nayo, akanunua mpya sokoni, ya kurasa 48, tupu.

Kaye ya Jumatatu ilitoka Lugufu. Kwa wale wasiojua, Lugufu ilikuwa kambi yetu kubwa mkoani Kigoma, ya watu waliokimbia vita ya 1996 na ile ya 1998, na ilifungwa mwaka 2009. Kurasa za mbele ni hesabu na Kiingereza cha mtoto wa shule. Ukiigeuza, kurasa za nyuma ni mapishi ya mama yake. Na ndani yake kila kipimo ni cha mgao. Kikombe cha mgao, mafuta ya mgao, dengu za mgao. Kuna uji, kuna maandazi, kuna dengu za kukaanga, na chapati za siku ya Noeli. Tuliisoma kwa sauti na wengine walilia kidogo, juu ilikuwa kama kusoma kadi ya mgao ya zamani. Halafu tukaangaliana. Ule unga wa uji, uliochanganywa mahindi na soya, ulikuwa unashuka kwenye lori. Hapa hakuna lori.

Ndipo ile sheria yetu ilianza kufanya kazi. Ule unga ulikuwa na kazi gani? Mahindi ya kushibisha, soya ya kujenga mwili, na juu yake vitamini na madini yaliyotiwa kiwandani. Mahindi tunayo. Soya inalimwa huku Kivu na inafika sokoni. Tukachukua vikombe 4 vya mahindi na kikombe 1 cha soya, tukakaanga soya haraka haraka, tukapeleka mashini. Uji ukatoka na harufu ya maharagi mabichi. Watoto walionja, wakarudisha vikombe kwa heshima, mmoja akasema "asante, nimeshiba" na hakuwa amekunywa hata nusu.

Bibi mmoja aliyekaa kimya tangu asubuhi ndipo akafungua kinywa. Soya haikaangwi mbio kama karanga. Unaichagua, unaichemsha kwanza, unaisugua ngozi itoke, unaianika mpaka inalia ukiitikisa, ndipo unaikaanga moto mdogo mpaka rangi ya udongo wa tofali. Soya mbichi inasumbua tumbo, na hata ile nguvu yake mwili hauipati vizuri. Alhamisi tulirudia uji kwa njia yake, na vikombe vikarudi vitupu. Kwa kila sufuria tuliongeza kijiko cha mawese mekundu, yasiyochomwa, juu ile rangi nyekundu ndiyo yenye vitamini A, na ukiyachoma mpaka yawe meupe umeitupa mwenyewe. Tuliongeza na ndakala za kusagwa, kijiko kimoja, nzima na mifupa yake. Ndakala zichaguliwe vizuri. Zile zilizoanikwa chini kwenye mchanga zitavunja meno ya mtu.

Tunaomba wageni wasikie na hili, na wanachama pia. Uji huu si sawa na ule wa kambini. Ule ulikuwa na vitu vya kiwandani ambavyo hatuwezi kuvitia kwa mwiko. Uji wetu ni mzuri kwa mtoto mzima wa afya. Mtoto aliyekwisha kuvimba miguu na nywele zimegeuka rangi, huyo apelekwe kituo cha afya, asikae nyumbani kwa kungojea uji wa chama.

Siku ya Jumanne tupite mbio, juu haikutupa heshima. Kaye ilikuwa ya mama aliyefanya kazi kwenye nyumba ya watu Kigoma mjini, na ndani kuna pilau, wali wa nazi, na samaki wa kupaka. Nazi hapa ni bei ya dhahabu. Tuliweka karanga za kusaga pahali pa nazi, mchele ukashika chini, nusu ya chungu ikawa makaa. Kilichobaki kililiwa. Mwenye kaye alisema chakula hicho kisiitwe wali wa nazi mbele yake tena.

Jumatano ilikuja kaye ambayo hatukuitegemea. Mama mmoja wa miaka mingi alileta kaye ya marehemu mama yake. Huyo marehemu, akiwa bibi harusi kijana, alisoma fuaye sosiali ya Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, katika miaka ya 1950. Wabelgiji walifungua zile fuaye mijini ili wanawake wafundishwe kushona, kupiga pasi, kutunza mtoto na kupika. Kaye imeandikwa kwa wino, herufi zimelala zote upande mmoja kama majani ya mpunga. Kiswahili chake ni cha zamani, lakini tuliweza kukisoma. Biskuti, supu ya karoti, mayai, namna ya kupanga meza, kitambaa kikae wapi.

Tulicheka, halafu tukaacha kucheka. Bibi huyu alikimbia na hii kaye mara ngapi? Kutoka Usumbura kurudi Fizi, kutoka Fizi kuvuka ziwa, kutoka kambini kurudi tena. Binti yake anasema mama hakupika biskuti hata siku moja maishani, juu hakuwa na furu wala siagi. Basi tukampikia. Tulitia mchanga ndani ya sufuria kubwa, tukaweka juu ya mbabula, sahani ya bati ndani yake, kifuniko na makala juu. Biskuti nne zikaungua, kumi na kitu zikatoka sawa. Binti alikula moja, akafunga moja ndani ya kitambaa akaenda nayo.

Mwisho wa ile kaye kuna kurasa za penseli. Hizo hakuandikiwa na mwalimu, aliandika mwenyewe, labda usiku. Ni chakula cha kwetu. Samaki wa kukausha na mawese. Sombe. Na chini ya sombe ameandika maneno mawili juu ya mihogo ya bugali: kama kawaida.

Mama kijana alikuwa anasoma kwa sauti. Akafika pale akanyamaza. Akauliza: "Kawaida gani?"

Tukachukua kaye zote tano tukazipekua. Ile ya Lugufu: bugali kama kawaida. Ile ya Kigoma: songa ugali kama kawaida. Zile mbili za siku zilizobaki, vilevile. Biskuti za Mzungu zimeandikwa gramu kwa gramu, na chakula tunachokula kila siku, kile kinachoweza kuua mtoto kikikosewa, hakuna mtu alikiandika. Si juu ya uvivu. Nani anaandika kile ambacho mama yake, dada yake na jirani yake wote wanakijua? Kaye ni ya kitu kigeni. Ila sasa tuko na wasichana ambao kwao biskuti na mihogo yote ni migeni sawasawa, na wanaona haya kuuliza, juu watu watasema "huyu ni Mtanzania."

Na tuseme ukweli, tumelisema hilo neno. Wengine wetu tulilisema kwenye kisima.

Basi Alhamisi hatukufungua kaye. Wabibi watatu walishika uwanja. Tulinunua mihogo michungu, ileile ya yule jirani, kwa makusudi. Tunaandika hapa vile walivyoonyesha, ili ikae kwenye gazeti letu.

Mihogo imenywe siku ileile ya kuchimbwa, ngozi ya nje na ile ya pili nyeupe, yote itoke. Mizizi mikubwa ikatwe vipande. Iingie ndani ya pipa au bido iliyokatwa, na maji yaifunike yote, hakuna kipande cha kutoa kichwa nje. Hapa chini ziwani, kwenye joto, ni siku tatu mpaka nne. Huko juu milimani, Itombwe, baridi inachelewesha, hivyo inakwenda tano au zaidi. Wabibi waligombana sana juu ya hesabu ya siku, mmoja akashika tatu, mwingine akashika nne, mpaka wa tatu akawaambia kwamba mihogo haijui kalenda. Akamwita mama kijana: "Mwanangu, tia kidole. Kama ingali nguvu, rudisha mu mayi. Kama kidole kinaingia na ule muzizi wa katikati unatoka wenyewe, basi." Hiyo ndiyo kawaida. Kidole.

Ikishalainika inatolewa, nyuzi zinavutwa, inakamuliwa, inavunjwavunjwa vidogo, inaanikwa juani mpaka ikauke kabisa na ikivunjwa inalia. Nusu ya siku haitoshi. Yale maji ya kuloweka yamwagwe mbali, mbuzi wasiyanywe. Na kama umeambiwa mihogo hii ni mitamu, haihitaji kulowekwa, uliza tena mtu mwingine mwenye shamba lile.

Tulimwita muganga wa kituo cha afya aje asikilize. Hakutusahihisha kitu, ila aliongeza. Sumu iliyoko ndani inaitwa sianidi. Inatoka na maji, na uchachu, na jua. Ukila nyingi mara moja unapata kile kilichowapata wale watoto. Na ukila kidogo kidogo kwa muda mrefu, bila samaki wala maharagi pembeni, kuna ugonjwa wa konzo, ambao daktari Trolli aliuandika mwaka 1938 kule Kwango, magharibi ya nchi hii hii yetu. Miguu inakaza ghafla, siku moja, na hairudi kuwa kama zamani. Alisema samaki na maharagi vinasaidia mwili kuitoa ile sumu. Ndipo wabibi wakaangalia uji wa soya na ndakala uliokuwa bado mezani, wakaangaliana, kama watu walioshinda kesi.

Aliongeza na neno la sombe: yatwangwe sana, yachemshwe muda mrefu, na pale mwanzo sufuria isifunikwe. Hapo wasichana walisema makala yanaisha, ndiyo maana wanapika kidogo wanafunika. Hili ni swali la makuta, na hatuna jibu lake zaidi ya kupika sombe nyingi mara moja, nyumba mbili tatu pamoja, sufuria moja, makala ya kuchanga. Nyumba kadhaa zimekwisha kuanza.

Mnaona wenyewe tatizo. Mihogo iliyoingia majini Alhamisi haiwezi kuwa bugali Jumamosi. Posho yetu ya kupika ilikwenda mpaka Jumatano ya pili, na hapo ndipo makuta yalipita kipimo. Tutarudi kwenye makuta.

Ijumaa ilikuwa siku ya furaha. Kaye ya mama aliyekimbilia Zambia, si Tanzania. Humo kuna majani na karanga za kutwanga, wanaita ifisashi, na kwetu tunaweza kutumia lengalenga, matembele, hata majani ya maboga. Hakuna mafuta ya kununua, karanga yenyewe ndiyo mafuta. Unachemsha karanga ya unga na maji, nyanya na kitunguu, mpaka inatoa mafuta juu, ndipo majani. Ilikuwa chakula cha bei ndogo kuliko vyote vya posho ile, na kilimalizika cha kwanza. Watoto wakaanza tena ile vita yao ya majina, hawa wanasema mchicha, hawa lengalenga, huyu kisamvu, yule sombe, huyu dagaa, yule ndakala. Bibi mmoja akasema wapeleke majina yao nje, yeye anataka sahani.

Jumamosi ilikuwa kaye ya baba. Ndiyo, baba. Ninyi wababa msijifiche. Huyu alikuwa mpishi kwenye shule ya kambini, na kaye yake ni ya watu 200. Maharagi kwa kilo, chumvi kwa kilo, mafuta kwa madumu. Sisi tulikuwa watu 40 hivi. Tukagawa kwa tano. Maharagi yaligawanywa kwa tano, mafuta yaligawanywa kwa tano, na chumvi ilisahauliwa, ikaingia ya watu 200. Tuliongeza maji, tukaongeza viazi, tukaongeza maji tena, mpaka chungu kikawa kweli cha watu 200, tukagawa kartie nzima. Hapo ndipo habari ilienea kwamba chama kinapika bure.

Sasa makuta. Tulitumia dola 41 jumla: mahindi, soya, mihogo, mchele, karanga, ndakala, mawese, makala, mashini, na unga wa ngano wa biskuti ambao tukubali ulikuwa anasa. Hizi dola zilitoka kwenye kese ya ugonjwa na msiba. Baba mmoja alisimama kwenye kikao kilichopita akasema, "Kese ya ugonjwa haiko sufuria." Tulikasirika siku ile. Leo tunasema hadharani kwamba alikuwa na haki. Sheria yetu inasema kese ile inafunguliwa na kamati nzima, na sisi tuliifungua watu saba, Jumamosi jioni, mweka hazina akiwa safarini. Tulijiambia kwamba watoto watatu kutapika ni ugonjwa. Ni ugonjwa, lakini kama wiki ile mtu angefariki, tungechanga jeneza na nini? Hakufariki mtu. Hiyo si hoja, ni bahati.

Deni tunalilipa kwa uji. Kila siku ya soko wamama wawili wanapika uji wa soya na kuuza kwa kikombe, na faida inaingia moja kwa moja mkononi mwa mweka hazina, mbele ya mashahidi wawili. Tumekwisha kurudisha dola 23. Zimebaki 18. Siku za mvua soko linavunjika, kwa hiyo hatutaji tarehe ya mwisho, lakini hesabu iko ukutani kwa karani na kila mtu anaweza kuisoma.

Kwa wafadhili wetu tuko na neno, na tunalisema kwa heshima. Mgeni mmoja alipendezwa sana na zile biskuti. Alituuliza kama tungependa furu na masomo ya kutengeneza mikate, ili wamama wauze. Tunamshukuru kutoka moyoni. Tulikaa tukazungumza, na jibu letu ni bado. Ngano haitoki kwetu, inafika kwa safari ndefu, na bei yake inapanda kila dola inapopanda. Siku barabara inafungwa, furu inakuwa kabati. Tumeona miradi ya namna hiyo, na mashini zake zinalalia kuku mpaka leo.

Tunachoomba ni kidogo na hakina picha nzuri. Mapipa sita yenye kifuniko, ya kulowekea mihogo, kwa kartie tatu. Shiti za plastiki za kuanikia, ili isianikwe barabarani kwenye vumbi na mavi ya mbuzi. Na malipo ya mtu wa kuchapa kaye mpya, kurasa chache, kwa Kiswahili ambacho bibi na mtoto wote watakisoma. Tumekubaliana kwamba kila chakula kitaandikwa majina yote mawili, sombe na kisamvu, ndakala na dagaa, bugali na ugali, na hakuna mtu atakayemcheka mwenzake.

Ile kaye ya kurasa 48 sasa si tupu. Mama kijana ndiye anaiandika. Amejaza kurasa 11. Tulimwambia aanze na uji wa soya, juu ndio uliofaulu. Alikataa. Ukurasa wa kwanza ni mihogo, na umechukua kurasa tatu nzima, juu kila bibi anayepita anamwambia kitu, naye anaandika vyote, hata vile vinavyogombana, na pembeni anaandika kartie ya aliyesema. Neno "kama kawaida" amelipiga marufuku. Juzi mmoja wetu alimwambia, kwenye habari ya chumvi, "weka ya kutosha tu, unajua," naye akaweka kalamu chini akangojea mpaka tulipopima kwa kijiko.

Bwana yake aliporudi toka ziwani alileta mikeke sita kwa wabibi watatu. Hatukuiweka kwenye hesabu.

Dakika zetu zimekwisha, Prezida anaangalia saa. Wale wanaotaka kujifunza mihogo, sisi kamati tunaanza tena Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, kwenye uwanja wa chama. Kila mtu aje na kisu chake na beseni. Na yeyote aliye na kaye nyumbani ambayo hajaileta, hata kama imeliwa na panya, ailete vilevile.